Kumbukumbu ya Bwana Wingu, Mpiga Picha Asiye na Picha

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Baba, na mpaka juzijuzi hatukuwa na picha yako ya kuweka kwenye ukurasa huu wa gazeti. Wenzetu hufungua albamu, wakagombana kidogo kati ya ile ya suti na ile ya kofia, mambo yakaisha. Sisi, watoto wa mpiga picha, tumepekua nyumba kama watu wanaotafuta miwani waliyoivaa. Wanaokufahamu watacheka wakisoma haya. Wasiokufahamu tunawaomba uvumilivu, wasikie ulikuwa mtu wa namna gani, waelewe kwa nini jambo dogo hivi lilitutoa jasho.

Ulikuwa mpiga picha wa mandhari. Maisha yako ya kazi uliyamaliza barabarani, kwenye kile kigari chako cheupe kilichogeuka rangi ya vumbi, ukitoka mashambani kwenda pwani, ukitoka pwani kwenda kwenye zile bustani za kale ulizozipenda kuliko vyote. Mama alikuwa akisema wewe huna anwani, una uelekeo tu. Kalenda zako zimening'inia kwenye majiko ya watu tusiowajua na kwenye vyumba vya kusubiria daktari: ngano iliyoinama upande mmoja kwa upepo, mabonde yaliyofunikwa na ukungu, miamba inayopigwa na mawimbi, mnara wa taa peke yake kwenye ncha ya nchi. Na bustani. Kuta za mawe, ngazi zilizoota majani kwenye nyufa, mabwawa yaliyotulia, njia zilizonyooka zikaishia kwenye lango.

Tulikuuliza siku moja bustani za watu waliokufa zamani zina nini. Ukasema shamba ni kazi ya mtu na mvua, pwani ni kazi ya maji yenyewe, lakini bustani ya kale kuna mtu aliipanda akaondoka, na kila asubuhi kuna mtu mwingine anaamka kwenda kuifagia. "Hicho ndicho ninachokifuata," ukasema. "Huko kufagia."

Tabia yako kubwa ilikuwa kusubiri. Ulifika mahali, ukatega kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, ukatazama juu, ukaanza kulibembeleza wingu. "Sogea kidogo, mpenzi. Kidogo tu. Hapo hapo." Mama akisikia hivyo alikuwa anauliza kwa sauti kubwa ni nani huyo anayeitwa mpenzi, maana yeye hajaitwa hivyo tangu mtoto wa pili azaliwe. Wakulima waliokukuta ukiongea na mawingu ndio waliokupa jina la Bwana Wingu, nalo likakuganda mpaka ukawa unaitikia.

Hukupiga picha ya shamba la mtu kabla ya kubisha hodi kwake. Ulikaa, ukanywa ulichopewa, ukauliza habari za udongo na za watoto, na ukirudi nyumbani picha ya kwanza kutoka kwenye chumba chako cha giza ilikuwa ya mwenye shamba. Ulizifunga wewe mwenyewe kwa karatasi ngumu, ukazipeleka posta wewe mwenyewe. Ulipofariki, simu ya nyumbani ililia kutoka sehemu tusizowahi kuzisikia. Mtunza bustani mmoja alimwambia Mama kwamba alipostaafu na kukabidhi makasi na toroli, kitu pekee alichoondoka nacho ni picha uliyompa ya ule ua wa miti alioukata kwa mkono wake miaka yote. Mama alimwomba airudie hadithi hiyo tangu mwanzo, naye akairudia.

Tunamkumbuka pia yule mzee wa kwenye benchi. Ulikuwa umengoja mwanga kwenye bustani moja tangu alfajiri, na mwanga ulipofika tu, mzee akaja kuketi katikati ya picha yako na gazeti lake. Dada mkubwa akataka kwenda kumwomba asogee. Ukamshika mkono. "Mwache. Yeye amekuja kupumzika, mimi nimekuja kuomba." Mwanga ukapita, mzee akasoma mpaka ukurasa wa michezo, wewe ukafungasha vyombo vyako bila hata picha moja, ukampungia mkono. Ilibidi turudi kesho yake, na ulirudi kwa roho safi kabisa.

Mama hakuvumiliwa hivyo.

Mama ndiye aliyekuwa kipimo chako. Kila alipoweza kufunga duka lake la ushonaji mlisafiri pamoja, yeye na mfuko wa nguo zinazosubiri vifungo, wewe na masanduku yako. Na kila picha kubwa uliyopiga, yeye alisimama ndani yake kwanza. Ulimtuma pale ambapo jicho la mtazamaji lingetua: langoni, chini ya mti, kwenye ukingo wa mwamba. Ukazungusha lenzi mpaka vifungo vya blauzi yake vikaonekana kimoja kimoja. Kisha ukapaza sauti: "Haya, toka!" Akatoka, ukapiga.

"Kwani ukinipiga na mimi itaharibika nini?" alikuuliza mara nyingi.

"Wewe nakuona kila siku, mama watoto. Hili lango nitaliona lini tena?"

"Hawa alifukuzwa bustani moja tu," Mama alikuwa akiwaambia wateja wake huku akiwapima viuno. "Mimi nimefukuzwa zote." Wewe ukiwa mlangoni ukavunjika mbavu, na wateja wakashindwa kujua kama ni mzaha au ni mashtaka. Ilikuwa vyote viwili, Baba. Tunadhani ulijua.

Basi Mama picha zake ni chache. Zako wewe ndiyo kabisa. Siku ya harusi hukumwamini mpiga picha yeyote, hata rafiki zako wa kazi. Ukatega kamera yako mwenyewe, ukabonyeza kile kitufe cha kuchelewesha, ukakimbia kujiunga na bibi harusi, na mbio zako hazikutosha hata mara moja. Albamu nzima ni Mama, mrembo, ametulia, na pembeni yake kitu chenye ukungu kinakuja kwa kasi. Shangazi, dada yako, anaiita harusi ya bibi na upepo. Baadaye zikaja simu zenye kamera, tukadhani sasa tumekupata. Kumbe wapi. Ukiona simu imeinuliwa, uliinuka, ukaja kumfundisha mwenye simu namna ya kuishika na mwanga utoke upande gani, picha ikaishia kuwa ya ukuta. Tunazo picha za kiganja chako, za kisogo chako, za kofia yako iliyogeuzwa nyuma. Uso hatuna.

Uso ulikuwa mmoja tu, ule wa leseni ya udereva.

Ugonjwa haukutupa nafasi. Moyo ulikuzidi nguvu wiki ileile uliyorudi kutoka pwani, buti zako ziko barazani bado zina mchanga. Msibani ikahitajika picha, tukakimbilia leseni, ikakuzwa mpaka ikafikia ukubwa wa dirisha. Macho umeyakodoa, shavu limevimba kwa sababu ya jino, nywele zimesimama upande mmoja. Mama aliitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anatafutwa na polisi." Waombolezaji wawili watatu wakacheka, kisha wakajifanya wanakohoa. Baada ya mazishi aliigeuza ikatazama ukuta, halafu akaisukuma nyuma ya kabati la vitambaa, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Sisi tulidhani ni ule utani wake wa siku zote.

Juzijuzi tulipoanza kuzungumzia tangazo hili ndipo tulipojua. Mama alikuwa kwenye cherehani, amevaa ile miwani yake ya kutungia uzi. Kitinda mimba wako akamwambia, "Mama, tutumie tu ile ya leseni. Baba watu wanamjua."

"Hapana."

"Lakini hakuna nyingine, Mama."

"Nimesema hapana." Akasimamisha cherehani kwa kiganja. Tulingoja mzaha. Haukuja. "Mwanangu, nikifumba macho siku hizi ndiye huyo ninayemwona. Yule wa leseni. Baba yenu simwoni tena. Naona kofia, naona mgongo umeinama kwenye kamera, sauti naisikia. Nikimgeuza anitazame, anageuka yule mwingine. Sasa mkimweka na gazetini, basi. Atakuwa amekwisha kabisa."

Akaendelea kushona.

Mwaka mzima, Baba, alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake, akikata vitambaa, akitania wateja, akituuliza kama tumekula. Alikuwa anakupoteza mara ya pili, kidogo kidogo, na sisi tuko sebuleni hatuna hili wala lile. Tangu jioni hiyo hatukutafuta tena picha ya gazeti. Tulitafuta uso wa mume wa mtu.

Mwanao wa kiume, fundi wa majokofu, alichukua leseni kimyakimya akaipeleka studio ikarekebishwe kwa kompyuta. Ikarudi shavu limeshuka, nywele zimelala, tabasamu limeongezwa na nyuma kuna anga la buluu. Mama akaishika kwa ncha za vidole. "Huyu anaomba kura," akasema, akamrudishia.

Shangazi naye akaja na lake. Alisema hakuna haja ya kuhangaika, sura yenu ni moja tangu utotoni, hata mama yenu alikuwa anawachanganya. "Nivalisheni kofia yake mnipige mimi. Nani atajua?" Wala hakuwa anatania. Aliivaa kofia yako, akaigeuza kisogoni, akakaza midomo. Mama akamtazama muda mrefu, na tuliona wazi kwamba anatazama kwa matumaini, akitafuta pa kushika. Mwisho akashusha pumzi.

"Wifi, pua ndiyo yenyewe," akasema kwa upole. "Lakini yeye hakuwa anajipenda hivyo."

Kikabaki chumba chako cha giza. Mama hakuwa amekiingia tangu uondoke. Alisema dawa zile zinambana kifua, nasi sote tulijua si dawa. Jumamosi moja mchana akavua kanga ya mabegani, akaikunja, akaiweka kitini, akapiga moyo konde akasukuma mlango. Tulimfuata nyuma kama vifaranga.

Ni chumba chembamba, kama unavyokijua. Mabeseni yamegeuzwa kifudifudi, balbu nyekundu ina utando wa buibui, na kwenye ile kamba ya kukaushia picha vimejipanga vibanio vya nguo vya Mama, vile ambavyo miaka yote alikuwa akivitafuta na kumshuku jirani. Alikitoa kimoja. Akakifungua, akakifunga.

"Mwizi wewe," akasema.

Ndipo akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi. Alilia kwa sauti, ameshika kibanio, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia anyamaze. Shangazi alimshika mgongoni mpaka ikapita.

Masanduku yako yalikuwa manne, na juu ya kila moja umeandika kwa ile kalamu yako nene: Mashamba, Pwani, Bustani, Mbovu. Tuliketi sakafuni tukaanza na matatu ya kwanza. Hatukutegemea kukukuta humo, na kweli hukuwamo. Lakini Mama kila picha aliijua. "Hapa nilisimama pale kwenye lango. Hapa niliumwa na nyuki, yeye ananiambia nisitikisike. Hapa upepo ulichukua kitambaa changu cha kichwa kikaenda na maji, na nilikipenda." Sisi tuliona malango matupu na ngazi tupu. Yeye aliona mahali aliposimama, akatuonyesha kwa kidole, na kila mara kidole kilitoka hapo kikaja moja kwa moja mpaka mahali ulipokuwa umesimama wewe, nje ya karatasi, juu ya goti lake.

"Alikuwa hapa," akasema. "Hapa hapa. Siwezi tu kumwona."

Tuna hamu nawe, Baba. Hatujui njia nyingine ya kulisema. Tuna hamu na mlango wa gari unaofungwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haushiki, na mluzi wako wa wimbo mmoja usioujua mwisho wake, na kelele za "msifungue mlango!" ukiwa huko ndani na filamu zako na mtoto yuko nje anakuita. Wajukuu bado wakipita hapo mlangoni wanabisha kwanza. Hatukuwaambia waache.

Tukafungua Mbovu. Lilikuwa ndilo sanduku zito kuliko yote, na hiyo nayo ni habari yako, kwamba uliyoyakosea uliyatunza. Picha zilizoingia mwanga. Picha yenye kidole gumba. Mkia wa mbwa kwenye kona ya bonde zuri ajabu. Na vivuli: jua likiwa mgongoni kwako asubuhi au jioni, kivuli chako kiliingia kwenye picha bila kuombwa, kofia na miguu mitatu ya stendi, ukakisukumia sandukuni. Vilikuwa vingi. Tulivipanga sakafuni, wewe mrefu kwenye majani, wewe mfupi kwenye mchanga, na Mama akawa anavipapasa kimoja kimoja. Lakini kivuli hakina macho. Tulianza kukata tamaa.

Kitinda mimba ndiye aliyeitoa ile. "Mama, hii uko ndani."

Ni bustani ile inayoshuka ngazi kwa ngazi mpaka bwawani. Mama yuko kwenye ngazi ya chini, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, kichwa amekirudisha nyuma, anacheka mpaka jino la mwisho. Kivuli chako kimeshuka ngazi zote kutoka juu, na kichwa cha kivuli kimeishia kwenye vidole vya mguu vya Mama.

Mama akaikumbuka papo hapo. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vipya, kwa ujeuri wake mwenyewe, maana ulimwonya. Ulimshusha chini, ukampandisha, ukamshusha tena, ukapima, ukapaza sauti: "Haya, toka!"

"Sitoki," akakujibu.

"Mama watoto, jua linaondoka."

"Liende salama."

"Nakuomba."

"Miguu imekataa. Piga hivihivi au acha."

Ukapiga. Kwa sheria zako ilikuwa mbovu mara mbili, mtu ndani na kivuli cha mpiga picha juu yake.

"Mnaona?" kitinda mimba akasema, machozi yanamlengalenga. "Na bado akaisafisha. Baba aliipenda hii."

"Baba yenu alibakiwa na karatasi ya picha, akaimalizia tu," Mama akasema.

Hata hivyo hakuiweka chini. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaiinamia. Mwanao akamuuliza, kwa kuuliza tu, "Sasa ulikuwa unacheka nini, na miguu inauma?"

"Si yeye! Nilikuwa namcheka yeye."

"Alifanyaje?"

"Alikasirika. Na akikasirika huku jicho liko kwenye kamera, si mnamjua, alikuwa anafanya hivi..."

Akafanya.

Jicho la kushoto likafumba, likalivuta shavu mpaka juu. Meno ya juu yakaung'ata mdomo wa chini. Pua ikapanuka. Nyusi ya kulia ikapanda peke yake, ikiomba msamaha kwa ajili ya uso mwingine wote, na shingo ikalala upande, kidogo tu, vile ulivyokuwa unailaza unapoona kitu ni kizuri lakini hukutaka kukubali. Ulikuwa wewe. Ulikuwa wewe mtupu, Baba, juu ya uso wa mkeo, kwenye chumba chako mwenyewe, umetukasirikia sote. Shangazi alipiga ukelele akaziba mdomo. Dada mkubwa alisema "Baba" kabla hajajua amesema.

Mama hakuwa anajiona, lakini alijihisi. Mkono ulimpanda polepole mpaka kwenye shavu lake, akalipapasa likiwa bado limekunjwa, akapapasa nyusi, akapapasa mdomo. Akafumba na lile jicho jingine. Tulijua anachokwenda kukitazama huko ndani, na tulijua nani huwa anamsubiri.

Alikaa hivyo muda mrefu. Alipofumbua, uso ulikuwa wake tena.

"Yupo," akasema. "Yule mwingine kaondoka. Amekasirika kweli kweli, na yupo."

Picha aliipeleka gazetini yeye mwenyewe, hakutaka mtu amsindikize. Alitusimulia aliporudi. Binti wa matangazo aliipokea kwa mikono miwili, akampa pole, akauliza kwa heshima kama marehemu ndiye huyu mama anayecheka.

"Huyo ni mimi."

Binti akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. "Basi marehemu yuko wapi, mama?"

Mama akamwonyesha ngazi. Binti akainamia meza. "Hiki ni kivuli."

"Ndiyo. Mwenyewe alikuwa hapa nyuma."

Binti alijikuna shingo. Alieleza kwa upole kwamba ukurasa huu una utaratibu wake, kwamba uso unaowekwa hapa watu huuchukulia ndio wa aliyeondoka. Wasomaji wataona picha kabla ya maneno. Watashtuka. Watapiga simu nyumbani, wengine watafunga safari waje kuomboleza.

"Waje," Mama akasema. "Mimi mwenyewe nitawafungulia mlango."

"Mama, mimi nakuelewa. Lakini mkubwa wangu hawezi kuipitisha hivi. Labda tuweke maneno mawili matatu chini yake, watu wasikosee. Tuandike nini?"

Mama anasema hakuwa amejiandaa, alisema tu yaliyomjia, na binti akayaandika kama yalivyo. Ndiyo hayo mnayoyaona chini ya picha: "Anayecheka yupo. Aliyemchekesha ndiye tunayemlilia."

Unakumbukwa na wanao watatu, mwalimu, fundi na mkunga. Unakumbukwa na wakwe zako, na wajukuu waliokuona na yule mmoja aliyezaliwa baada yako. Unakumbukwa na dada yako, na madereva wenzako wa barabara za vumbi, na wakulima, na wote wanaoamka asubuhi kufagia bustani ambazo hawakuzipanda wao.

Unakumbukwa na mkeo. Akishafunga duka siku hizi huketi kwenye kiti cha mteja, huvua miwani, hufumba macho, naye huwa hatuambii anafanya nini. Tukimwita chakula kiko tayari, hainui hata kope. Anatuinulia kiganja tu, tusubiri kidogo, kwa sababu unamtazama.

Tutakukumbuka daima, Baba, na hatuna mpango wa kuacha.